Kengele ya Waewe katika Muziki wa Marudio

Historia ya minimalizimu, yaani utunzi unaojengwa kwa noti chache zinazorudiwa na kubadilika kidogo kidogo, kwa kawaida huanzishwa kwenye mashine. Mwaka 1965, huko San Francisco, mtunzi Steve Reich aliweka sauti ya mhubiri wa mtaani kwenye vinasa sauti viwili. Viliposhindwa kwenda sambamba, sauti moja ikaanza kuitangulia nyingine polepole, naye akaufanya mpishano huo kuwa kanuni ya utunzi. Katika Piano Phase ya mwaka 1967 wapiga piano wawili hurudia noti 12 zilezile, mmoja akiongeza mwendo mpaka amtangulie mwenzake kwa noti moja. Wapo wanaoyapinga masimulizi haya kwa kudai kwamba mbinu nzima ilichukuliwa Afrika. Nao wanavuka mpaka. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970, miaka mitano baada ya kanda zile, na katika ngoma za Waewe, watu wa huko, hakuna mpigaji anayeuacha mwendo wake uteleze: kila mmoja hushika mahali pake, akiongozwa na kengele ya chuma isiyobadilika.

Hata hivyo, tarehe hizo haziwapi ushindi wanaoanzia kwenye mashine. Kabla ya kanda zile Reich alikuwa amekwisha kukijua kitabu cha A. M. Jones kuhusu muziki wa Afrika, cha mwaka 1959, kilichoandikwa kwa msaada wa Desmond Tay, mpiga ngoma Mwewe aliyekuwa London. Humo aliona kwa maandishi mizunguko mifupi inayorudiwa pamoja, kila ngoma ikiwa na mwanzo wake. Ushahidi mzito zaidi, kwangu, ni kilichofuata safari ya Accra, ambako alifundishwa na Gideon Alorwoyie. Baada ya Drumming, kazi ya mwaka 1971, aliacha kabisa ule mpishano wa polepole. Katika Clapping Music ya mwaka 1972 mtu mmoja anapiga makofi bila kubadilisha chochote katika mzunguko wa mapigo 12, mwenzake anaruka pigo moja kila baada ya marudio kadhaa, mpaka wanakutana tena. Mwendo hautelezi, na sehemu moja imesimama imara kama kengele. Mashine ilimpa Reich swali. Waewe walimpa jibu ambalo binadamu wawili wanaweza kulipiga kwa mikono mitupu. Tay na Alorwoyie wanastahili kutajwa kama walimu wa mtindo huu, kwa majina yao.