Upoozaji wa atomu kwa leza

Upoozaji wa atomu kwa leza ni njia ya kupunguza mwendo wa atomu kwa mwanga wa leza hadi halijoto yake ikaribie sifuri halisi, yaani sentigredi -273.15.

Jambo hili hushangaza kwa kuwa tumezoea kuona mwanga ukipasha vitu joto. Lakini halijoto ya gesi hutokana na mwendo wa atomu zake. Katika halijoto ya chumba, atomu za natiri (sodiamu) hukimbia takriban mita 500 kwa sekunde. Zikipunguzwa mwendo, gesi imepoa.

Jinsi inavyofanya kazi

Mwanga una chembe ziitwazo fotoni. Atomu ikimeza fotoni inayotoka mbele yake, hupunguzwa mwendo kidogo. Kisha hutoa fotoni nyingine kuelekea upande wowote, na misukumo hiyo ya pili hufutana. Kwa natiri, kila fotoni hupunguza takriban sentimita 3 kwa sekunde, hivyo zinahitajika maelfu.

Masafa ya leza hupangwa yawe chini kidogo ya yale ambayo atomu humeza. Kutokana na athari ya Doppler, atomu inayoielekea leza hupokea masafa yaliyopanda, ikameza fotoni. Inayoikimbia leza humeza chache tu. Leza zikielekezwa kutoka pande sita, atomu hupungua mwendo kokote inakoelekea. Hata hivyo bado huweza kuponyoka polepole. Ili kuzinasa huongezwa uga sumaku.

Historia

Wazo hili lilitolewa mwaka 1975 na Theodor Hänsch na Arthur Schawlow, na pia na David Wineland na Hans Dehmelt. Mwaka 1985 Steven Chu na wenzake, Marekani, walipooza natiri hadi sehemu 240 za milioni ya kelvini moja. Mwaka 1988 kundi la William Phillips lilipima sehemu 40 hivi, chini ya kikomo kilichotabiriwa na nadharia. Vipimo havikuwa na kosa. Nadharia ndiyo iliyopungukiwa. Claude Cohen-Tannoudji, Mfaransa mzaliwa wa Constantine, Algeria, alikuwa miongoni mwa walioeleza sababu. Chu, Phillips na Cohen-Tannoudji walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1997.

Matumizi

Njia hii hutumika katika saa za atomu. Sekunde moja ni mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho wa seziamu, na atomu zinazokwenda polepole huweza kupimwa kwa muda mrefu na kwa usahihi zaidi. Pia ilikuwa hatua ya kwanza kuelekea mgando wa Bose-Einstein, uliopatikana mwaka 1995 kwa atomu za rubidi.