Nyota ya Kivu kwenye bendera

Juni 30, 1960, Kongo ilipata uhuru chini ya bendera ya buluu: nyota kubwa ya manjano katikati, na sita ndogo zilizopangwa kandokando ya mlingoti. Kila ndogo ni jimbo. Moja ni Kivu, makao makuu Bukavu. Hata asiyejua kusoma aliielewa: kubwa ni taifa, ndogo zote sawa. Mwaka 1963 ndogo zikaondolewa. Mwaka 1971 Zaïre ikaleta kijani na mwenge. Sita zilirudi 1997, ila Kivu ilikuwa imegawanywa tangu 1988, ikazaa Kaskazini, Kusini na Maniema. Ya 2006 ina nyota moja, na ufito mwekundu wenye kingo nyembamba za manjano. Bila kingo hizo, nyekundu na buluu zingegongana machoni mwa aliye mbali.