Voi na Tawi la Taveta: Historia Fupi

Tulipokubaliana wastaafu wa relwe kuandika kumbukumbu hii, wapo waliouliza makutano ya Voi yanatuhusu nini sisi watu wa bandari ya Kilindini. Yanatuhusu sana. Yalijengwa kwa shehena zilizoteremshwa hapa, na mizigo yake ikarudi hapa.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi George Whitehouse, ikavuka Makupa, ikaikata nyika ya Taru na kufika Voi mwishoni mwa 1897. Simba wa Tsavo wameshaandikwa vya kutosha, hata filamu wametengenezewa. Wanaostahili kutajwa kwanza ni mafundi na vibarua wa Bara Hindi, zaidi ya 30,000 katika reli nzima. Karibu 2,500 walifia kazini.

Makutano yenyewe yalizaliwa na vita. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, wakawa wanapenya porini na kulipua njia kuu. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kulaza tawi kutoka Voi kuelekea magharibi, na kazi wakapewa kompani mbili za wanajeshi wa reli kutoka India, ya 25 na ya 26. Mwatate, Bura, Maktau: majina hayo kila mzee wa relwe anayajua kama sala. Adui mkubwa alikuwa kiu, kwani baada ya Bura nchi ni kavu kabisa, ikabidi maji ya milima ya Bura yapelekwe mbele kwa mabomba. Bila mabomba hayo, nasema mimi, Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza aliyeshuka Mombasa Februari 1916, asingefika mbali. Machi Taveta ilikombolewa, na mwaka huohuo reli ikafika Kahe ikaungana na ile ya Tanga.

Amani iliporudi, mizigo ya Kilimanjaro ikaanza kuteremkia Kilindini, pamoja na mkonge wa Taita na Taveta. Wenzetu wa Tanga walinung'unika kidogo. Hayo tuyaache.

Yaliyofuata ni haya: 1948, reli zote zikawa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983, 1978, Shirika la Reli la Kenya likaanza, 2006, Rift Valley Railways wakakabidhiwa uendeshaji, 2017, treni ya reli mpya ya SGR ikaanza, na Voi ikapata stesheni mpya.

Ukienda Voi leo, njia kuu ya zamani ipo, ila tawi la Taveta halina treni. Vichaka vimeota katikati ya mataruma.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yamehifadhi injini na mabehewa. Picha za wafanyakazi, tiketi na madaftari ya stesheni mengi yamo majumbani mwetu. Mwenye navyo, tafadhali, asiviuze kwa wanunuzi wa makaratasi, avifikishe kwenye makumbusho hayo.