Kifafa: Mkono wa Mtu au Ugonjwa wa Ubongo?

Kila tunapogusia kifafa hewani, simu huanza kuingia, na swali ni lile lile: huu ni ugonjwa wa hospitali au ni mkono wa mtu? Swali hilo ni la tiba, lakini ni la falsafa pia, na watu wamelibishania kwa zaidi ya miaka 2,000.

Wagiriki wa kale waliuita kifafa ugonjwa mtakatifu, wakiamini unatoka kwa miungu. Yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, tabibu mmoja wa upande wa Hippocrates aliandika kitabu kidogo kupinga. Alisema ugonjwa huu hauna utakatifu kuliko mengine, chanzo chake kipo kwenye ubongo. Jinsi alivyoeleza unavyotokea, kwamba makohozi huziba mishipa, alikosea. Lakini kosa kama hilo linaweza kupimwa na kusahihishwa. Hasira ya miungu utaipima kwa kipimo gani?

Mtazamo huo wanafalsafa huuita uasilia: matukio ya dunia yatafutiwe vyanzo ndani ya dunia yenyewe. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema hakuna kitu kingine nje ya maumbile. Wengine huutumia kama njia ya kazi tu, ndiyo maana daktari anaweza kusali alfajiri na mchana akasoma vipimo vya maabara. Hapa tunazungumzia njia hiyo ya kazi.

Matunda yake tunayo hapa nchini. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa kwa hofu kwamba mate yao yanaambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto: mtu ameanguka jikoni, na waliokuwa karibu wameogopa kumshika. Kwa vidonge vya kila siku, wengi walipata nafuu. Daktari huyo aliandika pia kuhusu watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia.

Miaka mingi baadaye watafiti walirudi Mahenge, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza kwa nini kifafa ni kingi huko. Majibu yaliwapeleka mtoni. Kwenye maji yaendayo kasi huzaliana inzi wadogo weusi waenezao minyoo ya usubi, ule ugonjwa unaopofusha, na usubi unapokithiri kifafa nacho huongezeka. Minyoo hiyo huleta kifafa kwa njia gani hasa, wataalamu bado wanachunguza. Lakini wanaoishi maeneo ya usubi wana sababu nyingine ya kumeza dawa ya usubi inapogawiwa kijijini.

Vyanzo vingine vinafahamika: mtoto kuumia wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa, minyoo ya nguruwe, malaria kali. Hata degedege, ambayo baadhi ya wazee huihusisha na ndege wa kishetani, mara nyingi ni homa kali ya malaria, na mtoto huyo anahitaji kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Anayetaka kuombewa na aombewe, hatugombani naye. Tunachokipinga ni kuacha vidonge. Ukiviacha ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Na mtu akianguka mbele yako, mshike, haambukizi. Msogeze mbali na moto au maji, umlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize. Tazama saa: ikipita dakika 5 bado anatikisika, tafuta usafiri umpeleke hospitali.