Mark Webber na ngazi ndefu ya kufikia Formula One

UKIONA vyaelea, vimeundwa. Machi 3, 2002, maelfu ya mashabiki waliofurika katika barabara za Albert Park jijini Melbourne, Australia, walimshuhudia kijana wao wa miaka 25 akimaliza wa tano katika mashindano yake ya kwanza ya Formula One, tena akiendesha gari la Minardi, mojawapo ya timu maskini kabisa katika mchezo huo.

Mark Webber alikuwa ameanza akiwa wa 18. Magari manane yaliaga mashindano kutokana na ajali ya kona ya kwanza, naye akapenya katikati ya mabaki. Mwishoni alimzuia Mika Salo wa Toyota asimpite. Zilikuwa pointi mbili tu, lakini Minardi haikuwa imepata pointi yoyote tangu mwaka 1999. Washindi halisi walipokwisha kushuka jukwaani, Webber na mmiliki wa timu, Paul Stoddart, Mwaustralia mwenzake, walipanda kushangiliwa, japo nafasi ya tano haina jukwaa.

Kwa wengi ilionekana kama bahati ya siku moja. Ukweli ni kwamba ilikuwa hatua ya mwisho ya safari ya zaidi ya miaka kumi, ambayo zaidi ya mara moja ilikaribia kukatika. Kipaji hakikumpungukia, kilichompungukia ni fedha.

Mwana wa muuza pikipiki

Webber alizaliwa Agosti 27, 1976, katika mji wa Queanbeyan, jirani na Canberra, mji mkuu wa Australia. Baba yake, Alan, alikuwa na kituo cha mafuta na duka la pikipiki. Mtoto alianza kuchezea pikipiki, kisha akahamia kwenye vigari vidogo vya mashindano vinavyoitwa karti, ambavyo ndivyo shule ya awali ya karibu kila dereva wa magari ya langalanga. Mwaka 1992 alitwaa ubingwa wa karti wa jimbo la New South Wales.

Hatua iliyofuata ilikuwa Formula Ford. Haya ni magari ya kiti kimoja yenye magurudumu yaliyo wazi, ila hayana mabawa ya kulikandamiza gari chini. Kwa sababu hiyo, dereva hutegemea mikono na miguu yake kuliko ufundi wa wahandisi, na ndiyo maana daraja hilo lilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa kipimo cha kweli cha chipukizi. Alan alimnunulia mwanawe gari ambalo Craig Lowndes alikuwa ametwalia ubingwa wa Australia mwaka 1993.

Msimu wa kwanza, mwaka 1994, haukuwa na la kujivunia. Mwaka uliofuata Webber alimaliza wa nne. Hapo ndipo alipoingia Ann Neal, mtaalamu wa habari za michezo ya magari, ambaye alikuwa meneja wake na baadaye akawa mkewe. Kwa jitihada zake, kampuni ya kitabu cha simu za biashara cha Yellow Pages ilikubali kumdhamini kijana huyo.

Kuvuka bahari

Kwa dereva wa Australia, kuwa bingwa nyumbani hakutoshi. Timu, viwanda na watu wanaotoa mikataba wako Ulaya, hasa Uingereza. Kijana wa Kiingereza anaweza kushindana Jumapili na kurudi kulala kwao. Mwaustralia hulazimika kuhama kabisa, alipe kodi ya nyumba na bado atafute fedha za matairi.

Mwishoni mwa mwaka 1995 Webber alishiriki tamasha kubwa la Formula Ford katika uwanja wa Brands Hatch, Uingereza, akamaliza wa tatu. Matokeo hayo yalimfungulia mlango wa timu ya Van Diemen. Mwaka 1996 alishinda tamasha hilohilo na kushika nafasi ya pili katika ubingwa wa Formula Ford wa Uingereza.

Mwaka 1997 alipanda Formula 3, ambako magari yana mabawa na gharama ni kubwa zaidi. Alijiunga na timu ya Mwaustralia mwingine, Alan Docking, akashinda Brands Hatch mapema katika msimu. Lakini katikati ya mwaka mfuko ulikauka. Aliyemwokoa hakuwa benki wala kampuni ya magari. Alikuwa David Campese, nyota wa raga wa timu ya taifa ya Australia, mzaliwa wa Queanbeyan na rafiki wa familia, aliyemkopesha fedha za kuendelea. Webber alimaliza msimu akiwa wa nne.

Gari lililopaa

Wakati huo Mercedes ilikuwa imekwisha kumwona. Mwaka 1998 ilimpa kazi ya kuendesha magari yake ya mbio ndefu akishirikiana na Mjerumani Bernd Schneider. Walishinda mara tano, wakawa wa pili katika ubingwa wa magari hayo. Kwa mara ya kwanza Webber alilipwa kuendesha badala ya kulipa ili aendeshe. Hata hivyo, alikuwa ameiacha ngazi ya magari ya kiti kimoja inayoelekea Formula One.

Juni 1999, katika maandalizi ya mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, gari lake lilinyanyuliwa na upepo, likapaa na kupinduka. Mafundi walilitengeneza. Siku mbili baadaye, asubuhi ya siku ya mashindano, likapaa tena. Webber alitoka salama mara zote mbili. Mashindano yalipoanza, gari la Peter Dumbreck nalo liliruka hadi nje ya barabara, naye pia akanusurika. Mercedes ikaliondoa gari lililobaki na kuachana na mpango huo. Webber, akiwa na umri wa miaka 22, alijikuta hana gari la kuendesha.

Ngazi ya mwisho

Aliyemnyanyua ni Stoddart, mfanyabiashara wa usafiri wa ndege, aliyempa nafasi katika timu yake ya Formula 3000 mwaka 2000. Daraja hilo lilikuwa moja tu chini ya Formula One. Timu zote zilitumia magari na injini za aina moja, na mashindano yalifanyika katika viwanja vilevile mwishoni mwa juma lilelile la Grand Prix, mbele ya macho ya mabosi wa Formula One. Webber alishinda Silverstone na kuwa wa tatu katika msimamo, hatua moja mbele ya kijana wa Kihispania aitwaye Fernando Alonso.

Mwaka 2001, akiwa na timu ya Super Nova, alishinda Imola, Monaco na Magny-Cours, akawa wa pili nyuma ya Justin Wilson. Mwaka huohuo alikuwa dereva wa majaribio wa Benetton. Stoddart, ambaye sasa alikuwa ameinunua Minardi, alimwita kwa msimu wa 2002. Ndivyo alivyofika Albert Park.

Baada ya hapo alipitia Jaguar na Williams kabla ya kujiunga na Red Bull mwaka 2007. Ushindi wake wa kwanza aliupata Ujerumani Julai 2009. Ulikuwa wa kwanza kwa dereva wa Australia tangu ule wa Alan Jones mwaka 1981. Alistaafu Formula One mwishoni mwa 2013 akiwa na ushindi wa mashindano tisa, na mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu akiwa na Porsche.

Ngazi aliyoipanda imebadilishwa majina. Formula 3000 iligeuka kuwa GP2 mwaka 2005, na tangu 2017 huitwa Formula 2. Gharama, hata hivyo, hazikushuka. Oscar Piastri, kijana wa Melbourne, alishinda ubingwa wa Formula Renault mwaka 2019, Formula 3 mwaka 2020 na Formula 2 mwaka 2021, kisha akaingia Formula One na McLaren mwaka 2023. Aliyesimamia mikataba yake ni Mark Webber, mtu aliyewahi kukopa fedha kwa mchezaji wa raga ili amalize msimu.