Jemadari na Mpagazi katika Vita vya 1914–1918

Twasoma mara nyingi habari za Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, aliyewashinda Waingereza huko Tanga mnamo Novemba 1914, na ambaye hakuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia. Hatuukani ustadi wake. Lakini yatupasa kuuliza: ustadi huo ulibebwa na nani?

Penye mbung'o farasi na ng'ombe walikufa. Kwa hiyo chakula na risasi vilichukuliwa vichwani, na majeruhi mabegani, na wapagazi wa pande zote mbili. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa, wala si kwa risasi. Huko Ugogo, majeshi yalitwaa nafaka na mifugo. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya.

Mnamo Machi 1919 jemadari alipokewa Berlin kwa shangwe. Mpagazi alirudi kijijini kimya, kama alirudi. Mjini Dar es Salaam sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya askari. Mpagazi ametajwa katika maandishi yake tu, na katika jina la Kariakoo.

Basi, tunapofundisha uongozi, tusihesabu tu miaka ambayo kamanda hakushindwa. Tuwahesabu pia waliotwishwa mizigo yake bila kuulizwa.