MIKONO MIWILI KATIKA PICHA MOJA

Leo twawapeleka Antwerp, mji wa bandari katika nchi iitwayo sasa Ubelgiji, tuwatazame wachoraji wawili ambao hawakuona haya kugawana ubao mmoja.

Peter Paul Rubens alikuwa hodari wa kuchora watu. Jan Brueghel alikuwa hodari wa maua. Hata nyuki angedanganyika. Kati ya 1616 na 1618 hivi walitengeneza picha ambayo leo iko Munich, Ujerumani. Rubens alichora Mariamu, Mtoto, na malaika wadogo. Brueghel akachora shada la maua linalowazunguka. Ukiulizwa ni kazi ya nani, hapana budi uwataje wote wawili.

Wala msidhani maua yalikuwa kazi ya kibarua. Brueghel alipenda kuchora ua alilolitazama kwa macho yake. Ua la Aprili na ua la Agosti hayachanui pamoja, basi alingoja miezi. Yasiyopatikana Antwerp aliyafuata Brussels. Shada laonekana kama limechumwa asubuhi moja, kumbe ni mavuno ya majira kadha wa kadha! Aliyemwagiza picha ya kwanza ya namna hii ni Federico Borromeo, askofu mkuu wa Milan, na katika hiyo Mariamu alichorwa na Hendrick van Balen.

Lakini mbona shada? Mwezi wa Agosti 1566, watu wenye imani iliyo jirani na yetu waliingia kanisa kuu la Antwerp wakavunja sanamu na kurarua picha. Wakatoliki walipopata nguvu tena, waliivika maua ile picha iliyodharauliwa, kuirudishia heshima. Hatusemi hayo ili tuamue tena ugomvi ule. Ila ni vema tujue kwamba maua yale yalichorwa juu ya kidonda.

Yuko pia Daniel Seghers, mwanafunzi wa Brueghel. Alilelewa miongoni mwa Waprotestanti, kisha akawa bruda wa Wajesuiti mwaka 1614. Yeye alichora shada, na wenzake wakachora ya katikati. Wajesuiti walizitoa picha zake kuwa zawadi. Moja ya mwaka 1645, yenye sanamu ya Mariamu iliyochorwa na Thomas Willeboirts Bosschaert, ilipelekwa kwa Frederik Hendrik, mtawala Mprotestanti wa Uholanzi, ambaye nchi yake ilikuwa ingali vitani na Wahispania waliotawala Antwerp. Naye akaipokea. Ingaliko The Hague.

Tukirudi kwa wale wawili wa kwanza, Rubens alikuwa akimwandikia Brueghel barua zake za Kiitaliano kwa Borromeo. Mwaka 1625 kipindupindu kilimwua Brueghel pamoja na watoto wake watatu. Rubens akawa mmoja wa walezi wa wale waliosalia.